Utashi Huru na Nguvu Zinazotusukuma: Somo Kutoka Ukingo wa Mto Kagera



Somo hili limezaliwa na swali tuliloulizwa Ngara, tena si darasani, bali chini ya mwembe baada ya semina ya makatekista. Tulikuwa tumemaliza kueleza mafundisho ya Kanisa kwamba dhambi ya mauti hudai mambo matatu kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe na ufahamu kamili, na atende kwa ridhaa ya hiari. Wakati wa chai katekista mmoja mzee alitufuata pembeni.

“Frateri,” alisema, “hiyo ridhaa ya hiari ndiyo inayonisumbua. Mwaka ule wa wakimbizi nilikuwa nabeba maji Benaco. Kati ya wale tuliowagawia walikuwemo watu wasio na hatia hata kidogo, na walikuwemo walioua. Nilipozoeana na baadhi yao nikawauliza. Jibu lao lilikuwa neno moja: tuliamriwa. Sasa nielezeni. Mtu aliyeamriwa na wakubwa, akachochewa na redio, akasukumwa na jirani mwenye panga, na pengine angeuawa yeye kama angekataa, hiari yake ilikuwa wapi? Na kama yeye hakuwa nayo, nitajuaje kwamba mimi ninayo?”

Hatukumjibu siku ile. Tungeweza kumsomea kifungu cha Katekisimu na kumwacha aende, lakini swali lake lina mizizi mirefu kuliko kifungu kimoja. Tumelichukua, tumelijadili, na haya ndiyo tuliyoyafikia.

Maji ya Rusumo

Tuanze na maji, maana wengi wetu tumewahi kusimama kwenye daraja la Rusumo na kuyatazama. Juu kidogo ya maporomoko, mto Ruvubu utokao Burundi hukutana na Nyabarongo utokao Rwanda, na kutoka hapo ndipo tunapouita Kagera. Maji yale hayafanyi kikao kabla ya kuanguka. Ukijua wingi wake, mwinuko wa mwamba na uzito wake, utajua yataanguka kwa nguvu gani. Kwa sababu hiyo wahandisi waliweza kukaa mezani na kupiga hesabu ya mitambo ya megawati 80 inayohudumia Tanzania, Rwanda na Burundi kabla hata nondo ya kwanza haijafungwa. Maji hayabadili mawazo.

Sasa wapo wanafalsafa waliosema kwamba ulimwengu mzima, mwanadamu akiwemo, ni kama maji hayo. Mwaka 1814 Mfaransa Pierre-Simon Laplace aliwaza juu ya akili moja kubwa ambayo ingejua mahali ilipo kila chembe ya ulimwengu kwa dakika fulani, pamoja na nguvu zote zinazoisukuma. Kwa akili hiyo, alisema, hakuna kitu ambacho kingekuwa na shaka: yaliyopita na yajayo yote yangekuwa wazi mbele yake. Fundisho hili huitwa ditaminizimu. Sisi tutaliita fundisho la ulazima. Maana yake ni kwamba kila tukio lina visababishi vyake, visababishi hivyo vina visababishi vyake, na mnyororo huo haukatiki popote, hata ndani ya moyo wako unapoamua uende Misa au ubaki kitandani. Kabla ya Laplace, Baruch Spinoza alikuwa amelisema kwa ukali zaidi: jiwe lililorushwa, kama lingeweza kufikiri likiwa hewani, lingejiona linaruka kwa hiari yake.

Wengine darasani walilicheka jiwe hilo. Lisituchekeshe haraka. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya ulevi, akalelewa kwa vipigo, akakosa shule, akaingia kwenye kundi baya akiwa na miaka kumi na minne, nasi tunamhukumu kana kwamba alianza safari pale tulipoanzia sisi. Huyo mtu ana haki ya kutuuliza kama hatujamrusha wenyewe.

Lakini tuangalie fundisho hilo linadai nini likifuatwa mpaka mwisho. Kama muuaji ni maji tu, basi na hakimu ni maji, na anayemwonea muuaji huruma ni maji pia. Mara nyingi tunalitumia fundisho la ulazima nusunusu: aliyetenda tunamwondolea hiari, halafu tunamgeukia anayemwadhibu na kumwambia afikiri vizuri, awe na huruma, aamue kwa haki. Kwa mkono mmoja tunanyang'anya, kwa mkono mwingine tunarudisha.

Sayansi yenyewe haitulazimishi kukubali picha ya Laplace. Tangu Werner Heisenberg alipoeleza kanuni yake mwaka 1927, wanafizikia walio wengi hufundisha kwamba katika chembe ndogo kabisa za maada hesabu hutoa uwezekano tu, si uhakika. Wahubiri wengine wamefurahi mno kwa habari hiyo, kana kwamba utashi huru umeokolewa na atomu. Haukuokolewa. Kama mkono wangu utainuka kwa bahati nasibu iliyotokea ndani ya chembe, huo ni mtetemeko, si tendo langu. Mtu huru si mtu anayeendeshwa na kete badala ya mashine.

Kuna pia majaribio maarufu ya Benjamin Libet, yaliyochapishwa mwaka 1983. Watu waliombwa kukunja kifundo cha mkono wakati wowote watakapo, na ikaonekana kwamba ubongo ulianza kujiandaa takriban theluthi moja ya sekunde kabla wao hawajatambua kwamba wametaka. Wengi wamelinukuu jaribio hilo kama cheti cha kifo cha utashi huru. Sisi tunaona kwamba kukunja mkono bila sababu yoyote ni mfano duni wa uamuzi. Hakuna aliyekesha akishauriana na dhamiri yake kama akunje mkono saa moja au saa moja na nusu.

“Kazi ya Mungu haina makosa”

Waumini wetu hawamsomi Laplace, lakini fundisho la ulazima wanalo katika vazi jingine. Lori likikatika breki kwenye mteremko njia ya Lusahunga kwenda Rusumo, likaua watu, msibani utasikia: siku yao ilifika, ilipangwa, kazi ya Mungu haina makosa. Maneno hayo hufariji, na padre mwenye busara hasimami kaburini kuyasahihisha. Ila wiki moja baadaye, ndani ya jumuiya, lazima mtu aulize: na fundi aliyejua breki zimechakaa akakaa kimya? Na mwenye gari aliyemlazimisha dereva aendeshe usiku wa pili bila kulala? Tukimbebesha Mungu mzigo wao, tumemfanya yeye kuwa mshirika wa uzembe.

Yoshua bin Sira aliliona jaribu hili zamani sana. Katika sura ya 15 anamkataza mtu kusema kwamba Bwana ndiye aliyemkosesha. Anafundisha kwamba mbele yetu vimewekwa moto na maji, nasi tunanyosha mkono kwenye kile tunachokitaka.

Je, Mungu si anajua yote tangu milele? Anajua. Boethius, akiwa gerezani karibu na mwaka 524 akisubiri kuuawa, alijibu kwamba kujua si kusababisha. Ukiwa juu ya kilima cha Ngara ukaona baiskeli mbili zikija kwa kasi kwenye kona moja, unaona watakavyogongana, lakini macho yako hayajawasukuma. Na Mungu hata hayuko juu ya kilima akisubiri. Kwake yote ni sasa.

Mfano wa kilima una kasoro, kwa sababu Mungu si mtazamaji tu. Yeye ndiye anayekishikilia kila kitu kisiporomoke na kurudi utupu, pamoja na utashi wangu wakati ninapochagua. Mtakatifu Thoma wa Akwino alikabiliana na jambo hilo bila kulikwepa. Kwake, Mungu ndiye sababu ya kwanza, naye hukisukuma kila kitu kulingana na jinsi kilivyo: vitu visivyo na hiari huvisukuma vitende bila hiari, na wenye hiari huwasukuma watende kwa hiari. Mungu na mimi hatugawani tendo kama watu wawili wanaosukuma gari lililokwama, mmoja akiongeza nguvu mwenzake apunguze. Jinsi neema na utashi vinavyoungana ni fumbo lililowafanya Wadominikani na Wayesuiti wabishane mpaka Papa Paulo V, mwaka 1607, alipoufunga mjadala bila kulilaani kundi lolote. Mafrateri mnaopenda kumaliza mabishano haya bwenini kabla ya taa kuzimwa, kumbukeni mwaka huo. Lililo wazi ni kwamba Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulikataa kusema kwamba baada ya dhambi ya Adamu utashi huru umezimika. Umejeruhiwa, haukufa.

Kondoo na mwenye njaa

Hoja ya Mtakatifu Thoma iliyotusaidia zaidi ni rahisi kuishika. Jiwe huanguka bila kuamua lolote. Kondoo akimwona mbwa mwitu anahukumu kwamba huyu ni wa kukimbiwa, lakini hukumu hiyo amezaliwa nayo. Hawezi kukaa chini akajiuliza kama leo pana sababu ya kubaki. Mtu naye anahukumu, ila kwa akili inayolinganisha, na mambo ya kila siku hayana upande mmoja tu. Kila kizuri tunachokiona hapa duniani kina kasoro yake, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuufunga utashi wetu kama kamba.

Chukua mtu mwenye njaa anayepita usiku karibu na shamba la jirani, mkungu wa ndizi umekomaa, hakuna anayemwona. Njaa inamsukuma, giza linamsukuma, deni analodai kwa jirani huyo linamsukuma. Hizo ni nguvu za kweli. Lakini yeye anaweza kufanya jambo ambalo maji ya Rusumo hayawezi: anaweza kuigeukia njaa yake na kuiuliza, “Je, wewe ni sababu ya kutosha?” Njaa ikishaulizwa hivyo, si msukumo tu tena. Imekuwa hoja, na hoja hupimwa.

Ndiyo maana Thoma anasema kwamba bila utashi huru mashauri, maonyo, amri, makatazo, thawabu na adhabu vingekuwa kazi bure. Hakuna anayeyashauri maporomoko yapunguze kasi.

Mwenzetu mmoja alileta pingamizi zuri. Alisema: “Shauri nalo ni kisababishi. Unamshauri mtu kama unavyoweka jiwe mtoni, mkondo unageuka.” Wapo wanafalsafa wanaotosheka na jibu hilo, kwao utashi huru na ulazima vinaweza kukaa nyumba moja, mradi mtu atende kwa matakwa yake bila kufungwa minyororo. Kanisa linadai zaidi: Katekisimu, namba 1731, inaueleza uhuru kuwa ni uwezo wa kutenda au kutokutenda, uliojengwa katika akili na utashi. Tena jiwe la mtoni hugeuza maji liwe la kweli au la uongo. Shauri langu, ili liwe shauri, lazima wewe uweze kuliuliza kama ni la kweli na kulikataa ukiona si la kweli. Huyo mwenzetu mwenyewe alitaka tuikubali hoja yake kwa sababu ni sahihi, si kwa sababu imetugonga.

Redio na vilima

Hapa ndipo tunaporudi Benaco, na hapa ndipo somo linapokuwa gumu.

Vijana wetu wengi hawakuwepo, kwa hiyo tuseme kidogo. Kuanzia tarehe 28 Aprili 1994, ndani ya muda wa siku moja hivi, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Wilaya iliyokuwa na utulivu wake ikajikuta na kambi iliyokuwa miongoni mwa kubwa kuliko zote duniani, mahali palipokuwa na jina la kampuni ya ujenzi wa barabara. Wakati huohuo Kagera ilikuwa inachukua miili ya waliouawa mpaka Ziwa Viktoria, na watu wa kando ya ziwa wakaacha kula samaki. Mwezi Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walitakiwa warudi kwao. Kwa miaka hiyo miwili na nusu, watu wetu walichota maji, walikata kuni na walisali pamoja na watu ambao historia zao hawakuzijua.

Kwa nini watu wa kawaida waliua majirani zao? Scott Straus, aliyewahoji wafungwa zaidi ya 200 waliokiri kushiriki mauaji, alikuta kwamba hofu ya vita na shinikizo la wenzao lilikuwa na nguvu kuliko chuki ya siku nyingi. Naye mchumi David Yanagizawa-Drott, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, alifanya jambo la kushtua. Rwanda ni nchi ya vilima, na mawimbi ya redio ya RTLM, iliyokuwa ikichochea mauaji, yalikingwa na vilima hivyo: kijiji hiki kiliisikia vizuri, kile cha nyuma ya kilima hakikuisikia. Alipolinganisha, aliona kwamba penye usikivu mzuri washiriki wa mauaji walikuwa wengi zaidi, akakadiria kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki wote nchini ilitokana na matangazo hayo.

Tulipoisoma habari hiyo tulinyamaza kwa muda. Maana yake ni kwamba yupo mtu aliyelala usiku ule bila damu mikononi kwa sababu tu palikuwa na kilima kati yake na mnara wa redio. Na yupo aliyeua ambaye, kama nyumba ya baba yake ingejengwa bonde la pili, angekufa mzee wa kanisa. Asiyetikiswa na jambo hilo hajalielewa. Sisi wa Ngara tuliokuwa upande huu wa mto tusijivunie upande huu. Tulizaliwa tu huku.

Lakini tuusome vizuri utafiti. Namba kama hizo zinasema jambo juu ya wengi. Hazisemi kwamba kila aliyeisikia redio aliua. Katika vijiji vilivyosikia matangazo yaleyale kwa sauti ileile walikuwemo walioshika panga, waliojificha, na waliowaficha wenzao darini. Mtetezi wa ulazima atasema palikuwa na tofauti ndogo tusiyoiona, ya damu au ya malezi, iliyowatenga. Anaweza kusema hivyo daima, juu ya lolote. Ila ajue kwamba hapo haongei tena kwa ushahidi, anatuomba tumwamini.

Mchochezi na mchochewa

Kilichotufungua macho zaidi hakikutoka kwenye falsafa bali mahakamani, tena Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama mwezi Novemba 1994. Mmoja wa waliohukumiwa ni Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa wilaya ya Rusumo, ng'ambo tu ya daraja. Katikati ya Aprili 1994 maelfu ya watu waliokimbilia parokia ya Nyarubuye waliuawa ndani ya kuta za kanisa na viwanja vyake. Baadaye meya huyo alivuka pamoja na wakimbizi, akakaa Benaco. Alikamatwa Kigoma mwaka 2001, akahukumiwa miaka 30 tarehe 17 Juni 2004, na rufaa ya mwaka 2006 ikaibadili adhabu kuwa kifungo cha maisha. Kati ya mambo ambayo mahakama iliyaona ni kwamba aliwachochea wananchi, kwa mfano pale kituo cha biashara cha Rwanteru.

Tulitafakari neno hilo, kuchochea. Mchochezi ni mtu anayesababisha mwingine atende. Kama visababishi vinaondoa hiari, basi aliyechochewa hana kosa, ni panga tu mkononi mwa meya. Na kama hiari haiguswi na visababishi, basi mchochezi hana kosa, maana alitoa maneno tu hewani. Sheria inakataa njia zote mbili. Inamshika mchochezi na inamshika mchochewa, kwa tendo lilelile. Kanuni za mahakama hiyo, ibara ya 6, zinasema kwamba amri ya mkubwa haimwondolei mtu wajibu wake, ila inaweza kufikiriwa katika kupunguza adhabu.

Mafrateri, fungueni Mwanzo sura ya 3 mkaone kama hamtalikuta jambo hilohilo. Adamu anamnyooshea kidole mwanamke, mwanamke anamnyooshea nyoka. Mungu habishi kwamba nyoka alidanganya. Nyoka anaadhibiwa, na wa kwanza. Kisha mwanamke. Kisha mwanamume. Kila mmoja anasimama mbele za Mungu na sehemu yake, na sehemu ya mmoja haifuti ya mwingine.

Hapo ndipo tulipopata jibu la sehemu ya kwanza ya swali la katekista. Nguvu zinazousukuma utashi ni za kweli, lakini hazisukumi kama maji yanavyosukuma gogo. Zinapita ndani ya mtu anayeweza kuziuliza. Na uwezo huo wa kuuliza una vipimo. Katekisimu, namba 1735, inakubali waziwazi kwamba ujinga, kutokuangalia, kulazimishwa, hofu, mazoea na mambo mengine ya nafsi na ya jamii yanaweza kupunguza wajibu wa mtu, hata kuufuta kabisa. Aliyewekewa panga shingoni si sawa na aliyekwenda kupora mabati ya jirani. Wote wawili walisema “tuliamriwa.” Muungamishi anayepokea neno hilo bila kuuliza zaidi, na muungamishi anayelikataa bila kuuliza zaidi, wote hawajafanya kazi yao.

Buta

Sehemu ya pili, nitajuaje kwamba mimi ninayo hiari, tulikwenda kuitafuta Burundi.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, wapiganaji waliingia katika seminari ndogo ya Buta, jimbo la Bururi. Waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wale walikataa. Waseminari 40 waliuawa. Chukua visababishi vyote vilivyokuwa chumbani: bunduki, giza, usingizi, woga wa mtoto wa sekondari, vita iliyokuwa ikiendelea tangu 1993, ndugu waliouawa pande zote mbili. Akili ya Laplace, ikipewa orodha hiyo, ingeandika nini? Tunaamini ingeandika kwamba watatengana ndani ya dakika moja. Kila nguvu iliyoonekana ilikuwa inavuta huko.

Mtu atasema, lakini walikuwa wamelelewa hivyo. Ni kweli, na sisi hatulifichi. Ndilo jambo tunalotaka kulisema kwa nguvu. Gombera wao, Padre Zacharie Bukuru, alikuwa ametumia miaka ya vita kuwafanya wazungumze waziwazi juu ya ukabila, wacheze pamoja, wasali pamoja. Malezi yale yalikuwa kisababishi. Ila hayakuwafanya waseminari kuwa maji ya aina nyingine. Yaliwapa uwezo wa kuuliza swali mbele ya bunduki, kwa sababu walikuwa wamezoea kuuliza swali hilo mezani, uwanjani na kanisani. Mtakatifu Thoma angeita hayo fadhila. Uhuru wa mtu hauanzi dakika ya jaribu; kabla ya dakika hiyo amekuwa akiukuza au akiudhoofisha kwa mambo madogo yasiyo na shahidi. Mlevi wa miaka ishirini anaposema hawezi kuiacha gongo, pengine anasema kweli kuhusu leo. Hakusema hivyo kwenye kikombe cha kwanza. Na hata leo bado anaweza kuamua nani amshike mkono.

Lugha yetu ya Kiswahili ina kiambishi kidogo ambacho hutusaidia kujificha: -wa. Nilipitiwa na shetani. Nilishikwa na hasira. Nilizidiwa na pombe. Tuliamriwa. Na gazeti likisimulia mwizi wa kuku aliyechomwa moto kijijini, litaandika kwamba aliuawa na “wananchi wenye hasira kali,” na kesho yake utawatafuta wananchi hao Biharamulo nzima usimpate hata mmoja. Hasira ilikuwepo, kiberiti kilikuwepo, mtu hakuwepo. Lakini katika maungamo ya mwanzo wa Misa kitenzi ni cha nafsi ya kwanza, tena tunakirudia mara tatu huku tukijipiga kifua, kila mmoja kifua chake.

Kabla ya kuchapa somo hili tulimpelekea katekista rasimu. Aliisoma polepole, akatuuliza habari za Buta, kisha akasema kuna jambo hakutuambia siku ile. Kati ya wote aliowauliza kambini, mmoja alimjibu tofauti. Mtu huyo hakusema tuliamriwa. Alikaa kimya muda mrefu, ndoo ya maji miguuni, kisha akasema, “Nilikwenda.” Halafu akamwuliza katekista padre anaungamisha saa ngapi.